Kwenda Haneti Kuokoa Visiki vya Bwana Misitu

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, shida ilinikalia kifuani. Mvua ilikata, ng'ombe wakafa, baba akawafuata, na mimi nikatoka darasa la pili nikaenda kuchoma mkaa. Sijarudi darasani tangu siku hiyo, na ninyi mnaonijua mnajua sijapungukiwa. Herufi nilizonazo zinatosha kuandika haya. Naandika kwa sababu kila anayeleta mpunga mashineni kwangu ananiuliza, "Mzee Ndahani, uliaga siku tatu ukakaa siku tisa. Huko Haneti kulikuwa na nini?" Nimechoka kusimulia huku mashine inanguruma. Someni.

Habari ni ya Bwana Misitu Lazaro, marehemu. Wengine mlimwona hapa Bahi zamani, mrefu, kofia ya kaki, baiskeli isiyo na kengele. Mara ya kwanza aliponikuta nachoma mkaa alichukua shoka langu. Mara ya pili akachukua shoka nililoazima kwa jirani. Mara ya tatu nilitegemea pingu. Yeye akakaa juu ya kisiki nilichotoka kukikata, akakipapasa kama mgongo wa ndama, akasema, "Ndahani, huyu hajafa. Amekasirika tu."

Akanionyesha. Kisiki cha mgunga kina mizizi mirefu kuliko njaa yetu. Kikichipua machipukizi ishirini, mbuzi wanayala yote na mwakani hakuna kitu. Wewe chagua matatu yaliyonyooka, punguza mengine, kuni hizo chukua, halafu funga kitambaa chekundu ili mchungaji akipita ajue kuwa hiki kinatunzwa. Basi. Hakuna kuchimba shimo, hakuna kumwagilia. Nilizunguka naye miaka minne, nikibeba vitambaa. Serikali ilimpa miche agawe, akagawa bila kinyongo, lakini shambani kwake hakupanda hata mmoja. "Kwa nini nilete mgeni," alisema, "na mwenyeji yuko chini ananisubiri nimwamshe?"

Alikuwa Mhehe wa Iringa, akaoa dada yetu wa Kigogo kule Haneti, na alipostaafu akahamia huko huko. Alifariki mvua zilipoanza. Maji yalikuwa yamenifungia njia, sikumzika. Hilo linaniuma mpaka leo na sitaki maswali juu yake.

Sasa, Jumatano moja mwezi wa pili, dada huyo, mjane wake, akanipigia simu.

"Kaka, Jumamosi kuna siku ya kumbukumbu. Kamati imekuja toka mjini. Watapanda miti kwa heshima yake."

"Vizuri. Wapi?"

"Shambani kwake. Wamesema ni pori. Watafyeka lote kwanza, kisha wapande miashoki."

Nilidhani sikusikia. Miashoki ni ile miti myembamba ya kusimama mbele ya maofisi kama askari wa gwaride. "Umewaambia ni visiki vyake?"

"Nimewaambia. Wananijibu, mama pumzika, usijali, tutakusafishia vizuri."

Mjane hasimami kubishana na wageni kwenye kaburi la mumewe. Katibu wa kamati nilimpigia mwenyewe. Akasema nitume maoni kwa maandishi. Nikafunga mkoba.

Shambani hadi Bahi

Alhamisi alfajiri nilikodi bodaboda. Mnajua njia yetu mvua zikinyesha. Mbele ya majaruba ya mwisho ya mpunga pikipiki ikazama mpaka kwenye mnyororo.

"Mzee, ukishuka tutapita," kijana akasema.

"Nikishuka si nitakuwa natembea?"

"Utatembea kidogo tu."

Kidogo chake kilikuwa saa moja na nusu. Ikafika mahali mimi nasukuma nyuma, yeye kakaa juu anashika usukani, na bado ananiita abiria. Tulipofika Bahi nilikuwa na tope mpaka kifuani. Akaniuliza kama siku ya kurudi nimpigie yeye. Nikamwambia siku ya kurudi nitamsukuma hata bila kumpigia.

Bahi hadi Ipagala

Gari la abiria lilikuwa limeshaondoka. Nikapata nafasi kwenye pikapu ya kambare. Nafasi yenyewe ni juu ya kambare. Mwenye mzigo, mama mmoja mnene mcheshi, alinitandikia gunia akasema, "Baba, wakiruka usiogope, hawana meno ya maana." Waliruka. Wana meno.

Mpwa wangu Rehema, wa dada yangu mwingine, anakaa Ipagala, Dodoma mjini, anafanya kazi ofisini. Alifungua mlango, akasema, "Shikamoo mjomba," kisha akarudi hatua mbili nyuma. Niliitika marahaba nikiwa nje. Nilioga ndoo tatu kabla ya kukaribishwa kitini.

Jioni akaniletea tambi na soseji. Nikamuuliza ni nani anaumwa humu ndani. Akacheka, akaingia jikoni mwenyewe, akanisongea ugali wa uwele na mlenda aliotumiwa toka kijijini. Mtoto wa dada yangu bado ni mtu. Tukiwa tunakula akampigia katibu, wakaongea ile lugha yao ya nusu Kizungu, akakata simu akiwa amenuna.

"Mjomba, anasema saiti itakuwa klia kesho kutwa asubuhi. Vibarua wanaanza kufyeka alfajiri ya Jumamosi."

"Basi lazima nifike Ijumaa."

"Utafika. Kesho wafanyakazi wa ofisi yetu wanakwenda huko na basi. Simama pale kituo cha mafuta, utaona basi lenye watu wa fulana za kijani. Mwambie dereva ni mimi nimekutuma."

Ipagala hadi Bahi tena

Ndiyo, mmesoma sawa. Bahi tena.

Saa mbili asubuhi nilisimama kituo cha mafuta. Likaja basi, fulana za kijani tele madirishani. Nikamuuliza dereva, "Mnakwenda kupanda miti?" Wakajibu basi zima, "Ndiyo mzee, karibu!" Nikapewa fulana, andazi na soda. Fulana ina picha ya mti na maneno ya kuhimiza. Mama niliyekaa naye alikuwa mhasibu, akaanza kunieleza matatizo ya magoti yake. Andazi, soda na magoti, nikasinzia.

Nilizinduka nikaona mpunga kushoto, mpunga kulia, na kwa mbali lile bwawa letu.

"Mama, hapa ni wapi?"

"Tunakaribia Bahi, mzee. Shule yenyewe iko mbele kidogo."

"Haneti je?"

"Haneti kuna nini?"

Kumbe msimu wa mvua nusu ya mji wa Dodoma inakwenda kupanda miti, na wote wanavaa kijani. Basi langu, niliambiwa baadaye, lilipita pale kituo cha mafuta dakika kumi baada ya sisi kuondoka. Nilisimama mle ndani katikati ya viti nikapiga kelele, lakini ukiwa na fulana sawa na basi zima, nani atakusikiliza? Wakadhani nahamasisha. Wakanipigia makofi.

Walinishusha shuleni. Walimu wakaniona mzee pekee kwenye msafara, wakanipa mche wa kwanza niupande kwa niaba ya wazee wa Dodoma. Niliupanda. Ningefanyaje? Niliwaambia wanafunzi, "Na ule mgunga uliokatwa nyuma ya choo msiuchome, upunguzeni machipukizi," mwalimu mkuu akaandika. Halafu nikaenda barabarani, nikasimamisha basi la kutoka Singida, na saa tisa alasiri nilikuwa tena Dodoma, mahali nilipoanzia asubuhi, nimevaa kijani.

Dodoma hadi mahali pasipo na jina

Nilipata gari la mwisho la kwenda upande wa Kondoa. Nikajisemea, jua likizama niko kwa dada. Tulipita Makutupora na mashamba ya zabibu, wauzaji wakining'iniza vifuko dirishani, nikanunua kimoja cha kumpelekea. Mbele ya Mayamaya tairi likapasuka.

Hilo si neno. Kondakta akateremsha tairi la akiba. Lilikuwa limepasuka tangu juzi.

"Sasa hili mnalibeba la nini?" nikamuuliza.

"Askari wakituuliza kama tunalo, mzee, tunalo."

Tulikaa kando ya barabara. Mama wa Kirangi aliyekuwa anapeleka mashudu ya alizeti alifungua kikapu chake, akatoa viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi, akatuita watu watano tusiojuana. Mimi nikatoa zabibu. Akanitazama fulana.

"Wewe baba ni wa hawa wapanda miti?"

"Mimi nakwenda kuzuia miti isipandwe."

Akaacha kutafuna. Nikamweleza yote, visiki, vitambaa, miashoki. Akasema, "Kwetu Kondoa tuliwahi kuwa na makorongo ya kumeza nyumba. Miti ndiyo iliyotuokoa. Na wewe unataka kuizuia?"

"Mama, kama una watoto wako kumi ndani, mtu akaja akawatoa nje ili akuletee wageni kumi wa kuvaa vizuri, utamshukuru?"

Akafikiri. "Hao wageni wanakula sana?"

"Wanataka maji kila siku."

"Basi kimbia, baba," akasema. "Kimbia hata kwa miguu."

Usiku sitausimulia, tulilala mle mle garini na simu yangu ikafa. Kulipokucha hakuna fundi, hakuna tairi, na mimi najua kule mapanga yameshaanza. Nikasimama katikati ya lami nikiwa nimenyoosha mikono yote miwili. Lori likasimama.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Haneti, kwenye kumbukumbu ya Bwana Misitu."

"Bahati yako! Panda nyuma. Miche yenyewe ndiyo hii."

Juu ya lori la miashoki

Nilikaa kati yao kama mfungwa kati ya askari. Mamia, wembamba, wamenyooka, kila mmoja kwenye kifuko chake cheusi. Niligonga kioo cha dereva.

"Kijana, huoni njaa? Tusimame tunywe chai."

"Nimeambiwa nifike kabla ya saa tatu, mzee."

Nikagonga tena. "Tumbo linanisokota."

"Vumilia, mzee, karibu tunafika."

Anayetaka kufika haraka na anayetaka lori lichelewe wakiwa mtu mmoja, akili inachoka. Nikaamua kuvumilia.

Haneti

Lori lilipoacha lami na kuingia shambani nilisikia mapanga kabla ya kuona watu. Niliruka, na goti langu la kulia linakumbuka mruko huo. Vibarua sita walikuwa kwenye mstari, wakifyeka safi, hodari kabisa. Nyuma yao kulikuwa kweupe. Chini, kati ya matawi mabichi, vitambaa vyekundu vimetupwa.

"Simameni! Nani kawaambia mkate hivi?"

Kiongozi wao, mama aliyevaa gambuti, akafuta jasho. "Shikamoo mzee. Hatukukata ovyo. Tumeanza na yenye alama."

"Alama gani?"

"Hizi nyekundu. Si ndizo za kuondoa? Nyumba za kando ya barabara kule kwetu ziliwekwa alama nyekundu, zikaondolewa. Tukasema, marehemu huyu alikuwa mtu wa mpango, ametuwekea alama kabisa kabla hajafa."

Ndugu zangu, tuseme haki. Kwa akili yake alikuwa sahihi. Alichofanya ni kukata kwa uangalifu kila kitu ambacho Lazaro alikitunza miaka yote, na kuacha takataka.

Katibu akaja mbio, fulana ya kijani kama yangu, faili kwapani. "Mzee, wewe ni nani kwenye ratiba?"

"Kwenye ratiba simo."

"Basi naomba ukae hemani, utapata chai."

"Hivi si vichaka, baba. Ni visiki vya marehemu. Mimi nilivifunga pamoja naye."

"Una maandishi yoyote?"

Hapo nilikasirika, nakiri. Niliangalia nyumbani. Dada alikuwa amesimama mlangoni, khanga imemfunika kichwa, ananitazama. Karibu naye, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mzee mwenye kichwa kile kile cha Lazaro, masikio yale yale. Mdogo wake, ametoka Iringa. Nilipomwona huyo akili ikanirudi. Mimi nabishana kwa hoja kama wakili, na mimi ni Mgogo, nao ni Wahehe. Mimi ni mtani!

Mnajua mtani msibani. Akishika kitu, kimeshikwa. Atakaa juu ya jeneza, atazuia jembe la mchimba kaburi, na hakuna wa kumkasirikia mpaka wenye msiba wamkomboe. Sikuwepo kumzika, kwa hiyo haki yangu nilikuwa sijaitumia.

Niliokota kitambaa, nikaenda kwenye kisiki cha kwanza kilichosimama, nikakaa chini, nikajifunga mkono kwenye chipukizi. Nikapaza sauti:

"Enyi Wahehe! Nimekamata! Visiki vyote vya huyu mtani wangu aliyekufa bila kuniaga, vilivyosimama na vilivyolala, ni mateka wangu! Anayevitaka avikomboe!"

Vibarua wakageuka wote. Kisha akina mama jikoni wakapiga vigelegele, vibarua wakaangua kicheko, mwenye gambuti akaweka panga chini na kukaa juu yake apate kuona vizuri.

Mzee wa Iringa akainuka polepole. "Nani huyo anapiga makelele? Ah, Mgogo. Nilijua tu. Umekuja kuomba?"

"Nimekuja kuwaokoa mbwa wa Haneti kabla hujawala wote! Tangu ufike wamebaki wangapi?"

"Nimebakiza mmoja mwembamba, anafanana na wewe. Haya, unataka nini tukukomboe?"

"Fahali mweusi asiye na doa. Blanketi jipya. Na ule mkuki babu yako aliouangusha alipokuwa anakimbia toka Ugogo!"

"Babu yangu hakukimbia, alikuwa anakwepa harufu yenu!"

Watu hawajiwezi kwa kucheka. Katibu peke yake hakucheka, anatazama saa. "Wazee wangu, tafadhali, mgeni rasmi anafika saa nne na mashimo hayajachimbwa. Mmalize utani tuendelee."

"Utaendeleaje, baba?" mwenye gambuti akamwambia. "Mtani ameshika. Hapa hapaguswi mpaka akombolewe. Mimi panga langu siliinui."

Mzee wa Iringa alinifikia, akachuchumaa, akainamisha kichwa karibu na changu. Sauti ikabadilika.

"Ndivyo hivi? Visiki alivyokuwa ananisimulia kila nikimpigia simu?"

"Ndivyo."

"Nilidhani ni maneno ya uzee." Aliokota kitambaa kimoja, akakikunja, akakitia mfukoni. Akanong'ona, "Nikikukomboa, watafyeka?"

"Watafyeka."

Akasimama, akajikung'uta magoti, akapaza sauti mpaka lori lisikie.

"Jamani, fahali sina. Blanketi nililonalo ni la kwangu na usiku nasikia baridi. Sisi ukoo wetu hatumkomboi Mgogo huyu! Akae na visiki vyake mpaka afe. Na akifa, tutakuja sisi kumkamata yeye!"

"Maana yake nini sasa?" katibu akauliza.

"Maana yake, panga chini," akasema mwenye gambuti.

Katibu si mtu mbaya. Na kwao wana watani vilevile. Alitazama faili, akatazama kaburi, akalifunga faili. "Sasa mgeni rasmi atafanya nini?"

"Lete kisu cha kupogolea," nikamwambia. "Nitamfundisha."

Mgeni rasmi alikuwa mama wa makamo, mnyoofu. Alifika, akauliza mashimo yako wapi, akaambiwa habari nzima, akacheka mpaka akatoa leso. Akavua viatu vya kisigino, akapiga magoti, nikamwelekeza: haya matatu acha, haya ondoa, mkono usitetemeke. Akafunga kitambaa. Baada yake kila mtu alitaka chake. Miashoki ilipelekwa zahanati na shuleni, huko kuna bomba na watu wa kumwagilia. Nilipokwenda kwa dada kumpa zabibu zilizopondeka, alinisalimia Kigogo, "Mbukwa," na mimi nikamjibu, kisha tukalia kwanza wote wawili, maana hatukuwa tumelia pamoja. Baadaye akasema, "Kaka, ulikawia."

"Nilipitia Bahi," nikamwambia.

Kurudi

Sasa zile siku za ziada. Nilibaki na wale vibarua sita tukipita kisiki kwa kisiki, hata vilivyokatwa, tukisafisha vidonda na kufunga vitambaa upya. Mwenye gambuti ana jicho zuri kuliko mimi nilipokuwa kijana, na nilimwambia. Anasema kwao kuna pori la mwenyekiti wa mtaa, naye ameshaanza kulitamani avifunge visiki vyake. Njiani kurudi hakukutokea kitu, kwa hiyo siandiki.

Mimi Ndahani wa darasa la pili, leo nina hivi: nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne. Mashine moja ya kukoboa mpunga. Majaruba saba. Ng'ombe kumi na mmoja na mbuzi wasiozidi uwezo wa zizi. Baiskeli mbili, moja nzima. Ekari sita za migunga na mikwaju ambayo sikupanda hata mmoja. Mke, watoto watano, wote wamesoma kunizidi na wote wananiamkia. Na kule Haneti, visiki arobaini na kimoja vilivyosimama. Vilivyokatwa sijavihesabu, maana dada alinipigia jana kusema vimeanza kuchipua na hesabu itabadilika. Hakuna aliyevikomboa.